Mwalimu Akikosea Ubaoni, Usinyamaze



Leo nimeamua kuandika badala ya kushika simu na kuongea, kwa sababu hii stori ina hesabu ndani, na hesabu ukiisema mbio mbio kwenye video ya sekunde sitini watu wanapotea. Najua kwa sababu nimeshapoteza watu hivyo. Nitafika hapo, msiwe na haraka.

Maoni yangu niyaseme mapema ndio asiyekubali aanze kunikasirikia sasa hivi. Mwanafunzi akiona kosa kwenye somo la hesabu, aseme. Asingoje mtihani, asingoje kumwambia deskimeti wake kwa minong'ono, asijiambie "pengine ni mimi sielewi." Ainue mkono aseme. Na shule inayomfundisha kunyamaza haimfundishi adabu, inamfundisha kukubali kila kitu anachoandikiwa na mtu mwenye chaki.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ambayo sitaitaja. Ilikuwa dabo ya hesabu baada ya lunch, tumekula githeri, jua linachoma mabati, nusu ya darasa inasinzia macho yakiwa wazi. Mwalimu wetu tulikuwa tunamwita Pembetatu kwa sababu ya vile alikuwa anasimama, miguu mbali mbali, mkono mmoja kiunoni. Siku hiyo tulikuwa kwa yale maswali yenye alama ya "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko." Akaandika ubaoni:

3 − 2x < 9

Akahamisha 3, akabaki na −2x < 6. Mpaka hapo sawa. Halafu akagawanya kwa −2 na kuandika x < −3, akapigia mstari chini mara mbili, akasema, "Simple."

Sasa mimi sikuwa mkali wa hesabu. Nilikuwa katikati, mtu wa C plus siku nzuri. Lakini nilikuwa na katabia ka kujaribu jibu na namba rahisi, na namba rahisi kuliko zote ni sifuri. Ukiweka sifuri mahali pa x, unapata 3 < 9. Hiyo ni kweli, hata mtoto wa nasari anajua. Kwa hivyo sifuri inafaa kuwa ndani ya jibu. Lakini jibu la mwalimu linasema x iwe ndogo kuliko −3, na sifuri si ndogo kuliko −3. Kuna kitu hakiko sawa. Kumbe ukigawanya kwa namba hasi ile alama inageuka, inakuwa x > −3. Mwalimu alikuwa anajua hivyo, ni yeye alitufundisha Jumatatu. Alisahau tu. Ilikuwa saa nane mchana na joto lilikuwa kali.

Nikainua mkono. Nikasema, "Mwalimu, nafikiri hiyo alama..." Sikumaliza.

"Wewe kijana, unataka kuja kufundisha? Njoo. Chaki hii hapa."

Darasa lilicheka mpaka waliokuwa wamelala wakaamka kuuliza kumetokea nini. Nikasema, "Hapana, mwalimu," nikakaa. Deskimeti wangu akaninong'onezea neno moja tu: "Mjuaji."

Kama umesoma Kenya unajua hilo neno lina uzito gani. Afadhali uitwe mwizi wa blueband kuliko mjuaji. Mwizi watu watamsahau likizo ikifika, mjuaji atabaki na jina mpaka siku ya kuchoma vitabu.

Wiki mbili baadaye tukafanya CAT, ile ya pamoja na shule zingine, yenye marking scheme imetoka nje. Swali la aina hiyo likaja. Na hapa ndipo pananiuma mpaka leo. Nilijua jibu. Nilijaribu sifuri pembeni ya karatasi kwa penseli, nikaona alama inafaa kugeuka. Halafu nikafuta, nikaandika vile mwalimu alikuwa ameandika ubaoni. Nilijiambia, karatasi yangu itasahihishwa na yeye, mimi ni nani nishindane? Nikaweka kosa kwa hiari yangu, kwa biro.

Karibu darasa lote tulianguka hilo swali. Pembetatu alipoleta karatasi alikuwa amekasirika kweli, akasema hatusomi, tunakula tu githeri ya serikali. Hakuna aliyesema kitu. Hata mimi.

Sitaki kudanganya mtu kwamba maisha yangu yaliharibiwa na alama moja ubaoni. Chuo niliacha mwaka wa pili kwa sababu karo ilikwama na kwa sababu kalkulasi ilikuwa imenishinda, yote mawili, na ukiniuliza ipi ilitangulia sitakujibu vizuri. Lakini ile tabia ya kuona kitu hakiko sawa na kunyamaza, hiyo niliitoa kidato cha pili nikaibeba mpaka lekcha hol yenye watu mia tatu. Lekchara anaruka hatua, mimi naona ameruka, nanyamaza. Anaandika kitu, nashindwa kuelewa kama ni kosa lake au ni upumbavu wangu, nanyamaza. Ukinyamaza miezi minane kwenye kalkulasi huwezi tena kujua ni wapi ulipotelea. Unakuja kuuliza swali na unagundua una maswali arobaini, na la kwanza ni la Septemba.

Kuna jambo lingine ambalo sijasikia watu wakiliongelea, na naona ni kubwa. Sisi hesabu tunasoma kwa Kizungu. Mwalimu anafundisha kwa Kizungu, kitabu ni cha Kizungu, mtihani ni wa Kizungu. Kwa hivyo mtoto akitaka kumsahihisha mwalimu anahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja: hesabu iwe sawa na Kizungu kiwe sawa. Namba inaweza kuwa iko sawa kabisa kichwani, lakini ukisimama useme "Teacher, the sign he is not turning," umekwisha. Watu hawatasikia alama, watasikia Kizungu. Utaitwa hiyo sentensi mpaka ufunge shule. Na kuna shule bado zinavalisha watoto disk kwa kuongea Kiswahili ama lugha ya nyumbani. Huyo mtoto amebeba kibao shingoni kwa sababu ya kuongea, halafu tunashangaa mbona haongei.

Mimi naona mwalimu angesema tu, kwa hili, semeni na lugha yoyote. Kiswahili, Sheng, onyesha na kidole, sijali. Mstari wa tatu una shida? Njoo uguse huo mstari. Namba haina lugha ya mama.

Lakini niwatetee walimu pia, maana najua wengine wenu mnasoma hii mkisema "kabisa, walimu ni noma." Hapana, subirini. Tangu serikali ianze ile sera ya watoto wote kuingia sekondari, 2018, madarasa yalijaa. Pembetatu alikuwa na sisi zaidi ya sitini kwenye chumba kimoja, na alikuwa anafundisha madarasa mengine, na kemia pia. Mtu anayeandika ubaoni kutoka asubuhi hadi jioni lazima akosee. Mimi naandika kepsheni moja kwa siku na bado nakosea spelling. Kosa lake halikuwa shida. Shida ilikuwa vile alijibu, na naamini alijibu hivyo kwa sababu alifundishwa na mtu aliyemjibu hivyo. Pia nafikiri aliogopa. Mbele ya vijana sitini ukikubali umekosea mara moja, unadhani watakupanda kichwani.

Mbona nasema si lazima iwe hivyo? Kwa sababu kidato cha tatu tulipata mwalimu wa mazoezi kutoka chuo, muhula mmoja tu, kijana mwenye mashati mawili. Siku ya kwanza alituambia, "Kila somo nitaweka kosa moja ubaoni kwa makusudi. Atakayelipata atakuja kulifuta mwenyewe." Zawadi yenyewe ilikuwa hiyo tu. Dasta. Hakuna kalamu, hakuna mandazi. Kuenda mbele na kufuta maandishi ya mwalimu mbele ya watu.

Wasee, hilo darasa lilibadilika. Watu waliokuwa wanalala back bench wakaanza kukaa wameegemea mbele. Tukaanza kukagua kila mstari kama makanga anayehesabu chenji. Kuna jamaa alikuwa hajawahi kupita 20 kwa hesabu, yeye ndiye aliyepata lile kosa la (a + b)² kuandikwa a² + b². Alisimama akasema, "Mwalimu, weka 1 na 1. Ukijumlisha unapata 2, mraba wake ni 4. Lakini yako inatoa 2." Alienda akafuta polepole sana, kama mtu anayepangusa gari lake jipya. Sijui alipata nini mwisho wa yote, lakini hiyo siku hakuna mtu alimwita mjuaji.

Na baada ya wiki kadhaa tukaanza kushuku kwamba makosa mengine hayakuwa ya makusudi. Siku moja tulimpata na makosa matatu kwa somo moja. Tukamuuliza, "Mwalimu, si ulisema moja?" Akacheka, akasema, "Hayo mengine mawili ni yangu kweli. Mmenipata." Akaendelea kufundisha. Hakuna aliyempanda kichwani. Nafikiri tulimheshimu kuliko walimu wote wa hiyo shule, na alikuwa na umri wa kaka zetu.

Sasa kuna mtu atasema hayo ni mambo ya shule, huko nje wakubwa wameshakagua kila kitu. Ngoja nikupe stori moja ya ukweli.

Mwaka 2010 maprofesa wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, waliandika makala kuhusu deni la nchi. Walisema nchi tajiri zikipita deni la asilimia 90 ya pato la taifa, ukuaji wa uchumi unaanguka mpaka wastani unaenda chini ya sifuri kidogo, −0.1. Wanasiasa Ulaya na Marekani wakaishika hiyo namba, wakaitumia kutetea kubana matumizi ya serikali. Hiyo si karatasi ya CAT tena, ni kazi za watu na mishahara ya watu.

Halafu kuna mwanafunzi, Thomas Herndon, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst. Alipewa homuweki: chukua makala maarufu, rudia hesabu yake uone kama utapata majibu yale yale. Akachukua hiyo. Akarudia, hakupata. Akarudia tena, hakupata. Walimu wake mwanzoni walidhani ni yeye amekosea, yaani "wewe kijana" ya kule kwao. Hakuachilia. Akawaandikia maprofesa, na niwape sifa zao, walimtumia faili yao ya Excel. Akafungua, akaona fomula ya wastani haikuteremka mpaka mwisho wa safu. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Belgium, Canada na Denmark. Kulikuwa na mambo mengine pia kwa vile walivyopima nchi, na yeye na walimu wake walipoweka yote sawa mwaka 2013, ile −0.1 ikawa 2.2. Wenyewe walikubali kosa la Excel, ingawa walishikilia kwamba ujumbe wao wa jumla bado unasimama. Wabishane huko, mimi si mchumi. Ninachosema ni kwamba hiyo karatasi ilizunguka miaka mitatu, na aliyeona kosa alikuwa mtu anafanya homuweki.

Kuna mwingine wa zamani, Mwingereza William Shanks, alikokotoa pai kwa mkono mpaka tarakimu 707, akamaliza 1873. Kazi ya miaka. Kuanzia tarakimu ya 528 ilikuwa kosa tupu, na hakuna aliyejua mpaka miaka ya 1940. Kuna makumbusho Paris walikuwa wamezipanga ukutani kama pambo, ikabidi zisahihishwe 1949. Kitu kikiandikwa vizuri ukutani watu hawakikagui. Ubao ni ukuta pia.

Na kwa walimu wanaosoma hii, Donald Knuth, mmoja wa wakubwa kabisa wa sayansi ya kompyuta, mpaka 2008 alikuwa akimwandikia cheki ya dola 2.56 mtu wa kwanza kupata kosa kwenye vitabu vyake. Watu wengi hawakuenda kuchukua hizo pesa. Waliweka cheki ukutani.

Sasa swali la maana: utajuaje ni kosa na si wewe umechanganyikiwa? Mimi si mwalimu, lakini nimebaki na vitu vichache vinavyofanya kazi. Kile cha kwanza nimekwambia, rudisha jibu ndani ya swali, na ukiwa na haraka tumia sifuri au moja. Kingine ni kukadiria kabla ya kukokotoa. Chukua hii: matatu inatoka Nairobi hadi Nakuru, tuseme kilomita 160, kwa mwendo wa 80. Jumapili jioni inarudi kwenye ile foleni yetu ya Naivasha, mwendo ni 40. Wastani wa mwendo ni ngapi? Darasa zima litapiga kelele 60. Ngoja. Kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 4. Jumla kilomita 320 kwa saa 6, ambayo ni 53 na kidogo. Na ungeweza kushuku hata bila kukokotoa, kwa sababu ulikaa kwenye foleni muda mrefu kuliko ulivyokaa ukikimbia, kwa hivyo wastani lazima uvutwe upande wa 40.

Ama risiti ya duka. Umelipa 1,160 na VAT ya asilimia 16 imo ndani. VAT ni ngapi? Ukichukua asilimia 16 ya 1,160 unapata 185.60. Irudishe: toa 185.60, unabaki na 974.40. Asilimia 16 ya hiyo ni karibu 156, si 185.60. Imekataa. Bei ya kwanza ilikuwa 1,000 na VAT ni 160. Unaona vile jibu lenyewe linajishtaki? Ulichohitaji ni kuliuliza mara moja tu.

Hii inahusu pia nyinyi mnaopiga picha swali mnatupia AI ijibu. Siwahukumu, na mimi naitumia. Lakini ile kitu inaandika kosa kwa sauti ile ile ya kujiamini inayoandikia ukweli, hatua kwa hatua, mstari safi. Hainyanyui sauti na haikuiti mjuaji, kwa hivyo hapo huna kisingizio kabisa cha kutoikagua.

Kuhusu namna ya kusema, hapo ndipo wengi wetu tunaharibu. Ukisimama na tabasamu la "leo nimekushika," hata mwalimu mpole atakukasirikia, na atakuwa na haki. Sema kitu ulichojaribu. "Mwalimu, nimeweka sifuri kwa swali inakubali, lakini kwa jibu inakataa, naomba tuangalie mstari wa mwisho." Hapo hujasema amekosea. Umeleta sifuri, na sifuri ndiyo inaongea. Ukiona hapokei mbele ya watu, mfuate stafurumu jioni na daftari lako. Na ukikuta ni wewe ulikuwa umekosea, ambayo itatokea mara nyingi, sema asante mwalimu, ukae, na umeelewa kitu ambacho usingekielewa ukinyamaza.

Najua kuna watakaosema silabasi haitaisha kama kila mtu anasimamisha somo. Pembetatu alimaliza silabasi mapema, Juni ya kidato cha nne, tukaanza kurudia. Tulikuwa tunarudia nini sasa? Vitu ambavyo tulinakili bila kuelewa. Na sasa serikali ilitangaza 2025 kwamba hesabu itabaki ya lazima kwa kila mtu sekondari ya juu, hata wale wa sanaa na michezo. Sawa. Lakini kulazimisha mtoto akae kwenye somo si sawa na kumruhusu aongee ndani yake.

Haya, nilisema nitafika kwenye video yangu.

Miezi michache iliyopita nilipost video kuhusu mikopo ya mashailoki wa mtaa. Nia ilikuwa nzuri. Nilisema ukikopa 5,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na usilipe chochote kwa mwaka mzima, riba ni 500 mara 12, kwa hivyo utadaiwa 11,000. Nikaweka na muziki wa kutisha. Ilienda vizuri, watu walishea sana kuliko kawaida yangu.

Jioni hiyo nilikuwa nyumbani, mathe anapika, sista yangu mdogo wa kidato cha tatu yuko mezani na vitabu. Akaniangalia akasema, "Brathe, ile hesabu yako si sawa."

Nikamwambia, bila hata kuinua macho kwa simu, "Kwani wewe ndiye mwalimu sasa?"

Akanyamaza. Akarudi kwa kitabu chake.

Nilikula nikalala. Sikusikia chochote ndani yangu, na hilo ndilo linanitisha nikikumbuka. Ilichukua siku nne. Nilikuwa stage, jamaa wa boda ninayemjua akanishukuru kwa ile video. Aliniambia alitaka 20,000 za kurekebisha injini, amepiga hesabu "kama yako," na kwa miezi sita akichelewa mpaka mwisho itakuwa 32,000, anaweza kubeba. Nikasema poa. Nikatembea kama hatua kumi nikakumbuka sista yangu.

Nilimkuta nyumbani nikamwomba anionyeshe. Aliniangalia kwanza kuona kama namchezea. Halafu akageuza daftari: shailoki hahesabu riba kwa 5,000 kila mwezi kama hujalipa. Mwezi wa pili anahesabu kwa 5,500, wa tatu kwa 6,050, inapanda hivyo. Mwisho wa mwaka si 11,000, ni 15,692. Na 20,000 ya yule jamaa kwa miezi sita si 32,000, ni 35,431. Tofauti ya 3,431, na huyo ni mtu anayehesabu siku yake kwa mafuta na fare za mia mia.

"Uliona hii siku ile?" nikamuuliza.

"Si nilikwambia."

"Mbona hukusisitiza?"

Akainua mabega. Huo mwinuko wa mabega ninaujua. Ni wangu, wa kidato cha pili.

Nilimpigia yule jamaa wa boda usiku huo huo. Alikuwa bado hajachukua. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema atauliza chama chao kwanza. Ile video niliifuta, na nikaweka posti ya kusema nilikosea, ambayo kusema ukweli iliangaliwa na watu wachache sana kuliko ile ya makosa. Hao wengine siwezi kuwapata.

Jumamosi tulirekodi upya, mimi na sista yangu, yeye ndiye ameshika maka pen na mimi nashika simu. Nilikuwa nimeandika mambo yote kwa karatasi, kila mwezi na namba yake. Kabla sijabonyeza akanisimamisha.

"Hapa umeandika 15,692," akasema, "lakini hujasema ni baada ya miezi mingapi."

Nikamwachia karatasi aandike yeye.